Magari Kumi kwa Chui Mmoja: Utalii wa Hifadhini Uwekewe Mipaka Gani?

Julai 2025 kipande cha video kilizunguka kwenye simu za watu Tanzania na Kenya. Ni ukingo wa mto Mara, upande wa Kogatende, kaskazini mwa Serengeti. Watalii wameshuka kwenye magari na kujipanga palepale nyumbu walipokusudia kuteremkia majini. Kundi linasogea, linasita, wa mbele wanageuka na kuwagonga wa nyuma. Ndani ya siku chache kila mtu alikuwa na dawa yake. Pandisheni kiingilio, wabaki wenye uwezo tu. Hesabuni magari getini, yakitimia fungeni. Wafutieni leseni madereva. Na wako waliouliza, tena kwa haki, iweje serikali inayotangaza kila mwaka kwa furaha kwamba wageni wameongezeka ishtuke kusikia kwamba wageni ni wengi.

Karibu dawa zote hizo zimeshajaribiwa mahali fulani, nyingine hapahapa kwetu, na matokeo yake yanajulikana. Kinachovuruga mjadala ni kwamba kila dawa inatibu ugonjwa wake, na wanaobishana hawajakubaliana kwanza mgonjwa anaumwa nini.

Hifadhi yenye mabwana watatu

Hifadhi ya taifa imezaliwa na kazi mbili zinazovutana. Sheria ya Marekani ya mwaka 1916, iliyounda idara ya hifadhi za nchi hiyo, iliziweka zote mbili kwa pamoja: kutunza mandhari na viumbe, na kuwapa watu nafasi ya kuvifurahia, mradi vibaki salama kwa vizazi vijavyo. Wanasheria wa huko wanagombana juu ya maneno hayo mpaka leo. Serengeti ilipotangazwa hifadhi mwaka 1951, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilipoanzishwa mwaka 1959, ubishi huo tuliuchukua pamoja na mfumo.

Kwetu ameongezeka bwana wa tatu, naye ni fedha. TANAPA inasimamia hifadhi 21, lakini zinazoweza kujilisha ni za kuhesabu kwa vidole. Serengeti na Kilimanjaro ndizo zinazobeba wenzao, zile ambazo mgeni hufika kwa nadra kwa sababu ya umbali, kama Katavi na Rubondo. Tena Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 iliyapeleka makusanyo ya viingilio Mfuko Mkuu wa Hazina, na hifadhi ikawekwa kusubiri bajeti kama idara nyingine za serikali. Ukimzuia mgeni mmoja Kogatende, pengo lake laweza kuonekana kwenye mafuta ya gari la doria mkoani Katavi.

Mwaka 2024 Tanzania ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya milioni 2.1, na kazi ya kuitangaza nchi, ikiwemo filamu ya Royal Tour ya mwaka 2022, ilisifiwa kwa sababu hiyo. Kipimo cha mafanikio ya wizara ni idadi. Sijawahi kusikia waziri akipigiwa makofi bungeni kwa kupunguza magari.

Wa kupatanisha mabwana hawa ni mpango wa jumla wa usimamizi, kitabu ambacho kila hifadhi inatakiwa kuwa nacho, kwa kawaida cha miaka kumi. Mpango huo unaigawa hifadhi katika kanda. Upo ukanda wa matumizi makubwa, penye barabara nyingi na hoteli. Upo wa matumizi madogo. Na upo wa pori lisiloguswa, ambako anayetaka kufika huenda kwa miguu pamoja na askari. Mpango unasema vitanda vingapi viwe wapi, barabara ipite wapi, puto liruke wapi. Wananchi wachache mno wameuona, na mjadala wa video ile ulipita bila mtu kuutaja.

Hesabu ya malisho

Wazo la kwamba hifadhi ina kiwango chake cha watu lilitoka kwa wafugaji. Bwana malisho hupiga hesabu: ekari hizi zinalisha ng'ombe kadhaa, wakizidi nyasi zinakwisha. Mwaka 1964 mtafiti wa Kimarekani J. Alan Wagar aliichukua hesabu hiyo na kuitumia kwa watu wanaotembelea pori. Lakini mwenyewe alikiri mapema kwamba haitoshi. Ng'ombe hana maoni. Mtu mmoja akikutana na wenzake kumi njiani anaona amepata sherehe, mwingine anaona safari yake imeharibika. Halafu watu kumi wanaofuata njia wana madhara madogo kuliko wawili wanaowasha moto ovyo.

Miaka ya 1980 idara ya misitu ya Marekani ikaligeuza swali. Badala ya kuuliza waingie wangapi, George Stankey na wenzake walipendekeza mwaka 1985 kwamba wahusika wakubaliane kwanza hali gani ya pori inavumilika, wachague vipimo vichache, kisha wafuatilie. Kipimo kikivukwa, hatua inachukuliwa. Namna hii ya kufikiri iliingia hata kwenye mpango wa Serengeti wa 2006–2016.

Tuichukulie Seronera, katikati ya Serengeti, chui akiwa amelala kwenye tawi la mwegea kando ya mto. Mfuasi wa hesabu ya malisho anataka kujua magari mangapi yameingia hifadhini leo. Mfuasi wa Stankey anataka kujua mangapi yako chini ya mti huu sasa hivi, yamekaa dakika ngapi, na kama kuna lililoacha barabara likakanyaga majani. Serengeti ina kilometa za mraba 14,763. Magari mia tatu yaliyotawanyika humo huyaoni. Yakusanye thelathini chini ya mwegea mmoja, utasema hifadhi nzima imejaa.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inadai watu na uvumilivu. Lazima awepo wa kuhesabu, kila msimu, kwa fomu ileile, na awepo mkubwa wa kusoma fomu hizo na kuthubutu kufunga barabara. Nambari moja ya getini ni rahisi kuitangaza. Ndiyo maana wanasiasa wanairudia kila mara, na ndiyo maana wataalamu wanaikwepa.

Dawa ya bei

Kaunti ya Narok, Kenya, ndiko ilikotumika kwa nguvu zaidi. Tangu mwaka 2024, mgeni asiye mkazi wa Kenya anaingia Maasai Mara kwa dola 100 kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba, nyumbu wakiwepo. Serengeti wakati wa msimu ni dola 70 kabla ya VAT. Rwanda ilikuwa imetangulia: Mei 2017 kibali cha kuona sokwe wa milimani kilipanda kwa mara moja kutoka dola 750 hadi 1,500, na mgawo wa mapato kwa wanaoishi jirani na hifadhi ukapanda kutoka asilimia 5 hadi 10.

Uzuri wa bei ni kwamba haihitaji askari. Inaingiza fedha nyingi kwa watu wachache, na fedha hizo zinaweza kulipa doria, shule na fidia. Inaweza pia kuwahamisha wageni kutoka msimu wa msongamano kwenda miezi mitupu, nyasi zikiwa kijani na hoteli zikilia njaa.

Lakini bei ina tabia ambazo wanaoipigia debe huzisahau. Kwanza, inahamisha mzigo kwa jirani. Rwanda ilipopandisha, Uganda ilibaki na dola 600, ikapanda 700 mwaka 2020 na 800 mwaka 2024, na upande wa Kongo, Virunga, kibali kilikuwa dola 400. Mwenye mkoba mwepesi alijua pa kwenda. Mto Mara ni mmoja na nyumbu ni walewale, kwa hiyo ukingo mmoja ukiwa dola 200 na mwingine chini ya nusu yake, wakala wa safari hahitaji kuambiwa. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu ya yaliyotokea Kogatende, maana wageni wa Tanzania wameongezeka kwa sababu nyingi. Ila atakayepanga upande mmoja bila kutazama wa pili atapanga vibaya.

Pili, bei inabadilisha mwendo wa mgeni mwenyewe. Tiketi ya Mara ni ya saa 12. Ya Serengeti ni ya saa 24, kuingia mara moja. Anayelipa kwa saa hutaka kuzijaza. Nenda geti la Naabi, linaloelekea Ngorongoro, uone kinachotokea saa za kutoka. Mwendo unaoruhusiwa hifadhini ni kilometa 50 kwa saa. Dereva aliyechelewa Seronera kwa ajili ya mtalii aliyemwomba dakika tano zaidi kwa simba anajua tiketi yake inakwisha saa ngapi na dakika ngapi. Akichelewa, kampuni inadaiwa malipo ya siku nyingine kwa kila kichwa. Vumbi analoliacha nyuma yake, kiasi cha kilometa 45 hadi getini, limetimuliwa na kanuni ya tiketi. Swala anayegongwa njiani hayumo kwenye hesabu ya mapato.

Tatu, aliyelipa dola 200 hataki kuambiwa gari lake ni la sita na asubiri. Bei inapunguza watu, lakini kwa wale wanaobaki inapandisha madai. Msongamano wa watu wenye madai ni mgumu kuongoza kuliko ule wa watu wa kawaida.

Dawa ya kuhesabu

Kwa sokwe hesabu inafanya kazi vizuri mno. Familia moja ya sokwe, wageni wanane kwa siku, saa moja, kwa umbali uliowekwa. Sababu yake ni ya kitabibu kabla ya kuwa ya utulivu: mafua ya binadamu yanaweza kumuua sokwe. Sensa zilizotangazwa mwaka 2018 na 2019 zilifikisha idadi ya sokwe wa milimani 1,063, milima ya Virunga na Bwindi ya Uganda pamoja, na mwaka 2018 walishushwa daraja la hatari, kutoka walio ukingoni kabisa mwa kutoweka hadi walio hatarini. Si kazi ya vibali peke yake. Madaktari wa wanyama na askari waliokufa kazini, hasa Virunga, wana sehemu yao kubwa. Lakini vibali vililipa kazi hiyo bila kuwaua waliokuwa wakilindwa.

Mbona isifanyike mtoni Mara? Kwa sababu sokwe anajulikana alilala wapi jana, na njia ya kumfikia inaanzia ofisini. Nyumbu milioni moja na ushei wanafuata mvua. Leo wako kwenye kivuko hiki, kesho kutwa wamerudi walikotoka, na hakuna mwenye akili anayeweza kuuza kibali cha saa nne asubuhi cha nyumbu kuvuka. Ukiweka idadi kwenye geti la Serengeti utamzuia hata aliyekuwa anakwenda kutazama ndege tu, huku wale wa Kogatende wakishuka na ndege ndogo kwenye kiwanja kilicho jirani na mto.

Kilimanjaro unaonyesha tofauti hiyo ndani ya hifadhi moja. Njia ya Marangu ina nyumba za kulala: Mandara, Horombo, Kibo. Vitanda vikijaa, vimejaa. Hakuna waraka uliohitajika. Mpaka uliwekwa na seremala. Machame na Lemosho ni za mahema, na hema lina mahali siku zote, hata kama ni juu ya njia ya maji. Machame ikaipita Marangu kwa umaarufu, na pamoja na umaarufu huo yakaja mashimo ya choo na takataka zisizobebwa zote.

Anayesema "punguzeni wapanda mlima" apige na hesabu nyingine. Mgeni mmoja hupanda na wapagazi watatu au wanne, ongeza kiongozi na mpishi. Wagumu, kama wanavyojiita wenyewe, wanasimama getini mzigo ukipimwa kwenye mizani, mwisho kilo 20, na wanaomba Mungu usipungue wala usizidi. Kila mgeni unayemkata unakata nao. Mwaka 2019 serikali ilipotangaza mpango wa magari yanayoning'inia kwenye waya (cable car), hoja ilikuwa kwamba wazee na watoto nao wauone mlima. Upinzani mkali ulitoka kwa wagumu, na waliyoyatetea yalikuwa malipo ya siku. Njia za mlima zingepumzika, na wao pia wangepumzishwa.

Dawa ya vitanda

Hii ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Gari linalotoka saa kumi na mbili asubuhi limelala mahali fulani. Mahali hapo palipewa kibali. Ukishatoa vibali vya vitanda mia sita karibu na mto, umeshaamua magari mangapi yatakuwa mtoni, hata kama uamuzi huo ulifanyika ofisini miaka mitano nyuma na aliyeusaini ameshahamishwa.

Hifadhi za jamii zinazopakana na Maasai Mara zililielewa hilo. Wamaasai wenye ardhi waliunganisha vipande vyao kuanzia katikati ya miaka ya 2000, wakakodisha kwa kambi za watalii, na wakaweka uwiano: mahali kama Naboisho, hema moja kwa ekari 350. Ukipita huko baada ya kutoka kwenye mbuga yenyewe unahisi umebadilisha nchi. Simba yuko na magari mawili.

Lakini mfumo huo una wenyewe. Hema linalochukua ekari 350 lazima liuzwe ghali, hivyo mgeni wake ni tajiri, na Mkenya wa kawaida hayumo. Mwenye ardhi naye anategemea kodi moja. Mwaka 2020 ndege zilipoacha kuruka kwa sababu ya korona, kambi zilifungwa na kodi ikayumba, na mtu ambaye alishakubali kuondoa ng'ombe wake malishoni akabaki akitazama nyasi alizokodisha.

Upande mwingine wa dawa hii ni kwamba inapigwa vita kimyakimya, kibali kimoja baada ya kingine. Mpango wa Maasai Mara wa 2023–2032 ulikusudia kuzuia kambi mpya. Mwaka 2025 kambi mpya ya kifahari ilifunguliwa karibu na mto na mtu mmoja akaipeleka mahakamani Narok, akidai imekaa kwenye njia ya nyumbu na inakiuka mpango. Mamlaka ya wanyamapori ya Kenya ikajibu kwamba haikuzuia njia yoyote. Mtu asiye mtaalamu hawezi kuamua nani mkweli kwa kusoma magazeti. Analoweza kuuliza ni hili: kama mpango ulifunga mlango, mlango ulifunguliwaje, na kwa maandishi gani? Mwekezaji hujibu kwamba vitanda vyake ishirini si kitu. Na ni kweli, si kitu. Vivyo hivyo vya aliyemtangulia na vya atakayefuata.

Upo pia ugumu wa wanaolala nje. Serengeti na Mara zimezungukwa na miji midogo na hoteli za bei nafuu nje ya geti, ambazo hakuna mpango wa hifadhi unaozigusa. Kubana vitanda ndani bila kuzungumza na halmashauri za nje ni kuusogeza msongamano getini.

Ndani ya gari

Tumebaki na dereva, ambaye ndiye aliyelaumiwa kuliko wote.

Kazi yake iko hivi. Mshahara ni mdogo au hakuna, analipwa kwa siku. Sehemu kubwa ya kipato ni bakshishi, na bakshishi inategemea wageni wameona nini. Redio ya upepo inalia: chui, mwegea wa pili baada ya daraja. Waliosikia ni wote. Akifika wa kwanza anapata mahali pazuri. Akifika wa kumi na tano anapata migongo ya magari. Mgeni nyuma yake amesafiri kutoka mbali na ameshaona kwenye simu picha ya chui kutoka mita tatu. Anamwambia kwa upole: unaweza kusogea kidogo? Akikataa ni mwaminifu kwa hifadhi na amepoteza dola hamsini. Akikubali, gari lililo nyuma yake linamfuata, maana likibaki peke yake litaulizwa kwa nini. Mtaani siku hizi "nyumbu" ni jina la kumkejeli anayefuata mkumbo. Ukingoni mwa mto wakati mwingine nyumbu ndio wanaosimama na kufikiri.

Pembetatu ya Mara, upande wa magharibi wa mbuga unaosimamiwa na shirika la Mara Conservancy tangu mwaka 2001, imeweka kanuni: magari yasizidi matano kwa mnyama, na wengine wakisubiri kila moja likae dakika kumi. Askari wanapita, na anayekaidi anatozwa faini papo hapo. Si kamilifu, lakini inaonyesha kwamba mwenendo unaweza kuongozwa palipo na mtu wa kuuongoza.

Na kuna sababu za kufanya hivyo zaidi ya adabu. Femke Broekhuis alichunguza duma wa Mara kwa takwimu za 2013 hadi 2017 na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Mama duma wa maeneo yanayotembelewa sana alikuza kwa wastani watoto 0.2 kwa uzazi mmoja. Wa maeneo yenye wageni wachache alikuza 2.3. Hakudai kwamba magari yanaua watoto wa duma. Alisema huenda mama anashindwa kuwinda, au chakula chake kinanyang'anywa, au anahamahama mno. Lakini tofauti ya namna hiyo ikionekana kwenye mashamba ya ng'ombe, mwenye shamba angeita daktari siku hiyohiyo.

Udhaifu wa kanuni za mwenendo ni ule unaojulikana: zinaisha pale askari anapokosekana. Kuwafutia leseni madereva wawili baada ya video ni jambo la kusomeka vizuri gazetini. Msimu ukifika Agosti na wageni wakiongezeka, hesabu ya bakshishi haijabadilika.

Na mwananchi?

Kwa Mtanzania kiingilio cha Serengeti ni shilingi 10,000 kabla ya VAT, na bei si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni gari, mafuta na mahali pa kulala. Reli ya SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza safari mwaka 2024, imezaa ziara za siku moja za Mikumi ambazo familia za mjini zinazimudu. Hao si watalii wa kukimbilia chui. Wanataka kivuli, pilau kwenye bakuli, watoto waone tembo. Mipango mingi imeandikwa kana kwamba mgeni ni mtu mmoja tu, mwenye kamera kubwa. Sehemu za kukaa, vyoo na njia fupi za kutembea karibu na geti zingewapokea watu wengi kwa madhara kidogo, na zingeongeza idadi ya wapiga kura wanaojua hifadhi ni kitu gani.

Mizani

Hakuna dawa hapo juu ya kuitupa. Bei ni nzuri kwa kuongeza mapato na kusawazisha misimu. Ni mbovu kwa kuondoa magari mahali yalipokusanyika, na inadhuru ikipandishwa na serikali moja bila jirani yake. Idadi inafaa palipo na kitu cha kuhesabika na mlango mmoja: sokwe, nyumba za Marangu, na kwa kiasi fulani sakafu ya bonde la Ngorongoro, ambako gari hulipia kushuka. Kwenye mbuga wazi inazaa foleni getini na haigusi mto. Kanuni za mwenendo ndizo pekee zinazogusa tukio lenyewe, saa ileile, lakini zinahitaji askari waliokaa ukingoni msimu mzima na kampuni zinazomlipa dereva ili asiishi kwa kumfurahisha mteja mmoja.

Kama ningelazimika kupanga kipi kitangulie, ningeanza na vitanda, kwa sababu ndiyo bomba lenyewe, kisha askari wa mtoni, kisha muda wa tiketi. Kubadili tiketi ya saa 24 iwe ya siku mbili au tatu zinazoruhusu kutoka bila adhabu ya dakika kungepunguza mbio za Naabi bila kupunguza senti moja. Bei ningeiweka mwisho, na ningeijadili Nairobi na Dodoma kwa pamoja. Anayeanza na bei anachagua njia rahisi, maana ndiyo pekee inayoleta fedha badala ya kuzichukua.

Gharama ya chaguo hilo ni halisi. Kusimamisha vibali vya kambi kaskazini mwa Serengeti kunawaudhi watu wenye simu za mawaziri, na kunaacha makusanyo ambayo hifadhi nyingine zinayategemea. Wapo watakaosema pori la kilometa za mraba 14,763 haliwezi kujaa. Kwa kulitazama kwenye ramani wana haki. Lakini mgeni haendi kwenye ramani, anakwenda kwenye vivuko vichache vya mto mmoja kwa miezi mitatu au minne, na huko ndiko vitanda vinakoombwa.

Mpango mpya wa hifadhi yoyote kati ya hizi ukitoka, mwandishi wa habari asihangaike na dibaji wala picha za simba. Afungue jedwali la vitanda, ukanda kwa ukanda: vilivyoidhinishwa safu moja, vilivyopo safu ya pili. Akikuta safu ya pili haipo, aulize kwa nini.